Malalamiko Dhidi ya Samaki Anayekula Wenzake Sebuleni

Voi

Kwako binti yangu Cynthia Wakio,

KUH: KUONDOLEWA KWA SAMAKI WAKO, BOSI, SEBULENI MWANGU

Pokea salamu kutoka kwenye vumbi letu. Nakuandikia rasmi, nikiwa mwalimu mkuu mstaafu, kwa sababu kwenye simu maswali yako yote ni ya Bosi na sipati nafasi ya kulalamika. Ulipohamia Mombasa ukaniachia samaki huyu na tangi lake la kioo, ulisema ni kwa wiki chache tu, na kwamba hana maneno mengi. Hilo la pili ni kweli. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bosi hagusi chakula kisichojitikisa. Nimempa omena, akatema. Nimempa ugali, akanigeuzia mgongo. Kwa hiyo Kituku, yule muuza samaki, hunibebea vifaranga wa tilapia kutoka Taveta, wazima, ndani ya mtungi. Mimi baba yako nala sukuma wiki. Yeye anakula samaki anayeogelea, na bado ananitazama kama mkaguzi wa shule aliyekuta ubao haujafutwa.

2. Mfereji ukikauka tunanunua maji ya mkokoteni. Bosi hubadilishiwa kwanza, kisha mimi naogea yale aliyotoka yeye. Kanisani siku hizi nakaa benchi peke yangu.

3. Jumuiya ilipokuja kusali kwangu, nilimwekea Bosi kifaranga mapema ili ashibe na atulie mbele ya wageni. Hakumgusa. Mwenyekiti wetu, Mama Tryphena, huombea chakula macho wazi ili aone nani anasinzia. Kabla hajafika Amina, Bosi akameza, mkia ukabaki ukichezacheza nje ya mdomo. Mama Tryphena akasema hajawahi kuingia nyumba ambayo mwenyeji anakula kabla ya maombi, tena bila kukaribisha wageni. Nilimweleza kwamba mwenyeji ni mimi. Hakuonekana kuamini, na tangu hapo zamu yangu ya kuikaribisha jumuiya inarukwa.

4. Nilijaribu kumfundisha kula nyama. Nilifunga kipande kwenye uzi, nikakichezesha majini ili adhani ni kiumbe hai. Nyama haikucheza vizuri mpaka nilipotikisa na kiuno. Jirani yetu Badawy akapita dirishani, akasimama, akaniuliza kwa upole kama sina mtu wa kukaa nami. Niliona aibu sana. Nyama yenyewe Bosi aliitema.

5. Kifaranga mmoja alijificha nyuma ya chujio la tangi hadi nikamhurumia, nikamhamishia kwenye beseni. Sasa nina samaki wawili, mmoja wa kula na mmoja wa kuliwa, na nguo nafulia sufuriani. Kila nikimlisha Bosi, yule wa beseni namfunika kwa sinia asione jamaa zake wakiliwa. Nimeongoza shule nzima, mama, na leo kazi yangu ni kumfumba samaki macho.

Kwa hayo yote, nataka Bosi aondolewe kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo, nitaialika jumuiya, Mama Tryphena amwombee, kisha tumkaange. Nadhani hapo watanirudishia zamu yangu.

Wasalimie wenzako wote kazini na mama mwenye nyumba wako. Badawy na mkewe Bi Khamisa wanakusalimu, Kituku pia.

Ni mimi baba yako, niliyechoka lakini mwenye adabu,

Mwandawiro
Mwalimu Mkuu (Mstaafu)

N.B. Tafadhali usitume mtu kumchukua. Kituku amepata gari linaloshuka Mombasa, akajitolea kukuletea samaki wako, nikamwambia tangi lina ufa. Halina. Kila jioni unapiga simu kuuliza kama Bosi amekula, na kabla hujakata unaniuliza na mimi kama nimekula. Akija kuishi kwako, sijui utanipigia kuuliza nini. Leo amekula vizuri. Mimi bado, nangoja simu.