Puto Halina Usukani

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi, kabla ya chai, puto limepita juu ya mapaa! Kubwa kama jumba, jekundu, kimya, isipokuwa pumzi za moto mara moja moja. Nilikuwa roshani na kaptula ya kulalia. Nikasahau kuona aibu.

Jambo lenyewe ni hili. Puto lilipanda hadi likauzidi mlima. Na nyuma ya mlima ndiko kwetu. Barabara ya huko imefungwa kwa seng'enge tangu vita, nami nilitoka huko nikiwa na ndevu nyeusi. Atakayekuwa juu ya mlima ataona mji. Ataona mto. Mwenye bahati ataona na nyumba.

Nimelitamka mezani. Binti yangu akasema hapana, Baba, goti hilo. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye tunalala chumba kimoja na hatujawahi kukubaliana hata dirisha lifunguliwe au lifungwe, alicheka hadi chai ikampalia. Mtu anayeshindwa na ngazi za maktaba, alisema, asizungumzie mawingu. Tena hata nikifika nitatazama nyumba ya watu, kwa kuwa yetu ilielekea kiwanda cha ngozi.

Ilielekea mto! Niliishi humo na dada yake. Yeye alikuwa akija kula tu.

Nimeamua. Napanda.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda ofisini kwa wenye puto: kontena lililopakwa rangi, ukingoni mwa uwanja wa nyasi. Dada wa mapokezi amenieleza anayopaswa kujua abiria. Kapu halina mlango wala viti. Unaupanda ubavu wake mwenyewe, kwa matundu ya kukanyagia, na unasimama mwanzo hadi mwisho. Wakati wa kutua unachuchumaa, mgongo ukielekea mbele, mikono kwenye kamba, na huinuki hadi rubani aseme. Viatu vya kufunika, maana nyasi zina umande. Kofia, maana moto uko juu ya utosi. Mwenye maradhi ya mifupa abaki chini apige picha.

Akauliza kama miguu inanisumbua. Nikajibu kwamba miguu hii ndiyo iliyonitoa kwetu hadi hapa bila gari. Kweli tupu! Akavutiwa. Hakuuliza ilikuwa lini.

Nikaomba rubani aambiwe aelekee mlimani. Alicheka kwa adabu. "Mzee wangu, puto halina usukani. Upepo ukiamua sokoni, basi ni sokoni."

Vyema. Wengine huchagua rubani. Mimi nitachagua upepo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefunga utepe kwenye kamba ya kuanikia nguo. Utepe wenyewe ni mkanda wa gauni la binti yangu: mwepesi, unafaa sana kwa elimu. Alfajiri ulielekea mlimani moja kwa moja. Mtu aliyesoma habahatishi.

Mchana mazoezi ya kupanda kapu, kwa kutumia meza ya chakula. Shemeji akanikuta juu. Nikasema natengeneza taa. Akabonyeza swichi. Ikawaka. Akasema hongera, fundi, akaenda zake.

Binti anautafuta mkanda wake. Namsaidia kutafuta.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi ya kuchuchumaa. Kushuka, nilishuka vizuri sana. Kuinuka ndiyo habari nyingine. Nilibaki chini ya sinki la jikoni nikitafakari mabomba, hadi Shemeji alipofuata maji. Hakuniinua. Alivuta kiti, akakaa, akanywa glasi nzima kwa raha zake, ndipo akauliza kulikoni huko chini.

Ilinibidi kusema. Yote, hata utepe. Halafu akasema ataniinua kwa sharti moja: tunapanda wote. Anataka kuwepo kiwanda cha ngozi kitakapojitokeza mbele ya dirisha langu la zamani. Nyoka!

Baadaye nimewaza. Yeye naye hajauona ule mji tangu siku ile. Miaka yote hii vitanda vyetu viko ubavu kwa ubavu, na sijawahi kumuuliza kama anauota.

Jumatatu, 10 Juni

Hatukuruka. Binti tulimwambia tunakwenda kupima macho, jambo ambalo kwa namna fulani ni kweli. Uwanja ulikuwa shwari, jani halitikisiki. Rubani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa mazoezi, akaachia kiputo kidogo cheusi, akakifuata kwa macho. Kikapanda taratibu. Kufika juu, kikachomoka kama kilichoitwa na mama yake. Akatikisa kichwa: leo hapana.

Nikalalamika. Kimeelekea mlimani kabisa! Akasema ndiyo, lakini upepo wa kasi hiyo hukubeba vizuri na kukushusha vibaya. Tena upepo wa chini si upepo wa juu. Kila kimo kina njia yake, na kazi yake yeye ni kupanda na kushuka akiitafuta inayofaa. Abiria anayemtaka, alisema, ni yule atakayerudi kulala kwake jioni.

Nilimweleza utafiti wangu wa utepe. Akasikiliza kwa heshima. Shemeji akaona ni wajibu wake kumjulisha kwamba utepe ni mkanda wa gauni.

Njiani nilirudia neno la rubani. Kulala kwake. Kwake wapi? Bado nikisema nyumbani namaanisha kule, ilhali funguo mfukoni zinafungua hapa. Hili sikumwambia Shemeji. Angeuliza ni funguo zipi, maana nilikuwa nimezisahau mezani.

Alhamisi, 13 Juni

Tumeruka!

Nilivaa sweta tatu, kwa kuwa vitabu vyote vinasema juu kuna baridi. Vitabu havikutaja moto wa gesi. Kofia niliiacha ili nisionekane mzee. Upara umeiva.

Kabla ya kupanda, rubani alitaka kila abiria achuchumae na kusimama mbele yake. Nikashuka. Shemeji akaangusha kofia yake, akainama kuiokota, na alipoinuka alinishika kiwiko tukainuka pamoja, kana kwamba ni mimi ninayemsaidia yeye. Rubani akamuonya aangalie viungo vyake. Akaipokea lawama kama yake. Kapuni nilipanda akinisukuma kwa bega, huku akilalamika kwa sauti kwamba wazee wengine hawana subira.

Juu hakuna upepo! Unakwenda nao, kwa hiyo huusikii. Unywele haupepei, kwa mwenye nao. Ardhi ndiyo inayoondoka. Kwanza tulikwenda upande usiofaa, na Shemeji akaniuliza mkanda unasemaje. Ndipo rubani akachoma moto mrefu, tukapanda, tukapata njia nyingine, na mlima ukaanza kushuka polepole, kama mtu anayejikalisha kitini.

Nyuma yake: mji.

Mapaa mengi kupita kumbukumbu. Mto uko palepale. Nikanyoosha kidole. Shemeji naye akanyoosha. Vidole viwili, sehemu mbili tofauti kabisa! Nikavuta pumzi nibishe. Nikaona kidole chake kinahama kutoka paa moja hadi jingine. Nikatazama changu: nacho kinahama. Tukashusha mikono.

Akasema dada yake angefurahi. Nikasema angeogopa. Akasema angeogopa na angefurahi. Nikakubali. Akafuta macho, akasema gesi hii inawasha. Nikasema inawasha sana.

Tukaambaa na mlima bila kuuvuka, kisha tukaanza kushuka upande wetu. Rubani akaamuru tuchuchumae. Wote wakachuchumaa. Mimi nilikuwa nimesimama bado, shingo ndefu, nikitafuta dirisha letu. Akaamuru tena. Shemeji akanivuta chini kwa sweta zote tatu. Kapu likagonga, likaruka, likagonga, likalala ubavu, na Shemeji akalala juu yangu. Mtu huyu ni mzito! Tulikaa hivyo tukitazama anga, puto likinywea pembeni, na goti langu likiumuka kama unga uliotiwa hamira.

Jumamosi, 15 Juni

Ufa mfupani. Mguu una plasta, uko juu ya mito miwili.

Binti amesema nasi kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Alisema amekwisha kumzika mama yake, na hana haraka ya kumzika mwingine kwa ajili ya dirisha. Niliinamisha kichwa. Niliona aibu ya kweli. Nikaahidi sitapanda puto tena maishani. Shemeji naye akaahidi. Ahadi safi, kutoka moyoni.

Ila mfunga plasta ana kaka yake anayerusha watu kwa mwavuli wa angani kutoka kilele chenyewe cha mlima! Abiria hufungwa kifuani mwa rubani, na hukaa. Anakaa kitako! Hakuna kapu, hakuna kuchuchumaa. Kinachotakiwa ni kukimbia kidogo tu mwanzoni, kuteremka. Nilimuuliza kwa niaba ya rafiki.

Shemeji amefikiri tangu asubuhi. Anasema watatu tunaweza kufungwa pamoja, miguu yake ni mizima, na hajasikia sheria inayotaja ni nani akimbie. Tumeanza mazoezi kwenye korido, mimi mgongoni kwake. Anakimbia vizuri kwa umri wake. Kona ndizo zinazomshinda. Binti akirudi kutoka kazini, tutasema kabati lilianguka lenyewe.