Fimbo Niliyowapokelea Wakwe wa Louisville

Leo nimewakimbiza wakwe zangu barabarani. Wote kumi na mmoja. Mchana kweupe, wazungu wakiangalia.

Kabla hamjaanza kunisema kwenye hili grupu, shikeni kwanza majina ya wenye kosa. Wa kwanza ni Gentil, mtoto wa dada yangu, anakaa Columbus. Wa pili ni Noella, mdogo wa bibi yangu Mama Divine, anakaa hapa hapa Riverside, Buffalo, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi ni wa mwisho kwenye hiyo orodha. (Kama nimo.)

Bon. Nianze mwanzo.

Wengi mnajua binti yangu Divine alipata mchumba kule Louisville. Leo ndiyo siku familia ya kijana ilikuja kumwomba. Wamepanda gari mbili, wakalala Columbus kwa ndugu zao, asubuhi wakaendelea mpaka Buffalo. Msemaji wao ni Mzee Yona, baba mkubwa wa kijana. Huyo mzee hana mchezo. Tulisikia aliwahi kuinuka na kuondoka kwa wakwe wengine kwa sababu tu hawakumsalimia vizuri mlangoni. Akisema hapana, ni hapana.

Mama Divine akaniambia tangu asubuhi: "Baba Divine, leo nyamaza, cheka kidogo, usiharibu. Huyu mtoto amelia wiki nzima kwa woga."

"Niharibu nini? Mimi ni mtoto?"

Akarudi kutwanga majani ya muhogo ya sombe.

Sasa, kwetu milimani baba anayetoa binti hasimami mikono mitupu mbele ya wakwe. Anashika fimbo. Sawa, hapa Amerika ng'ombe hawako, mimi nafunga maboksi kwenye kampani kule Tonawanda, lakini fimbo ni lazima. Bila fimbo unafanana na dereva aliyeleta wageni. Fimbo yangu ilibaki Congo siku tuliyokimbia. Mikono ilikuwa miwili: mmoja nimeshika mfuko, mwingine nimembeba Gentil, alikuwa na miaka miwili. (Leo nasema wazi: fimbo ingenifaa zaidi.)

Noella akaniahidi: "Shemeji, usijali. Fimbo niachie mimi. Utaikuta kabatini."

Asubuhi nikafungua kabati la nguo. Kweli! Nyuma ya makoti, fimbo. Mti mweupe, laini kama umelambwa, umepinda kidogo tu kwa uzuri. Hauna mapambo, hauna kelele. Nzito kiasi. Nikasema moyoni: huyu Noella nimemsema vibaya miaka mingi, kumbe ananiheshimu.

Karibu na juu kulikuwa na kamstari kembamba kuzunguka mti. Nikajua umeanza kupasuka kwa sababu ya baridi ya hapa. Donc, nikachukua mafuta ya nywele ya Mama Divine, nikapaka vizuri pale kwenye mstari. Nikasugua mpaka yakaingia ndani. (Sikusoma sana mimi. Darasa la nne. Lakini mti naujua. Nilidhani.)

Nikavaa suti. Nikasimama kwenye kioo na fimbo yangu. Nilikuwa baba kabisa!

Wakwe wakafika. Gentil, aliyekuja jana kwa shughuli hii, hakuwako, Mama Divine alikuwa amemtuma kuchukua soda. Kumbukeni hilo. Nikawapokea mlangoni mmoja mmoja, fimbo mkononi. Mzee Yona akaniangalia juu mpaka chini, akafika kwenye fimbo, akasimama hapo.

"Baba Divine, hii fimbo ni ya mti gani?"

"Mzee, ni mti wa huku."

"Eh. Inaonekana ni fimbo yenye mambo."

"Sana, mzee!"

Akatabasamu. Mama Divine akaniona kwa mbali, naye akatabasamu. Miaka ishirini na tano ya ndoa, hajanitabasamia hivyo hata nilipopata kazi.

Maneno yakaenda vizuri. Wameona ua katika nyumba yetu, wanaliomba, sisi tunajifanya hatujui ua gani, mnajua wenyewe. Sombe iko mezani, wali uko mezani, Divine ameinamisha kichwa amevaa kitenge. Ikabaki baraka ya baba tu. Baada ya hapo Mzee Yona aseme neno lake la mwisho, tule.

Nikasimama. Nikafumba macho. Nikaomba kwa nguvu. Niliwaombea safari, niliwaombea kazi, niliwaombea wajukuu. Mwisho, kama baba yangu alivyokuwa akifanya, nikainua fimbo juu na kuipunga mbele kwa nguvu, kama mtu anayepeleka ng'ombe kwenye majani:

"Na zizi lenu lijae!"

Nikasikia fimbo imekuwa nyepesi. Nikafikiri ni Roho.

Nikangoja amina. Badala yake viti vikaanza kuanguka.

Nikafungua macho. Sebuleni hakuna mgeni hata mmoja. Mlango uko wazi, wakwe wanatoka mbio! Jamani, watu wa kwetu wanajua kukimbia. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeuliza swali. Mama mmoja alishika mtoto mkono mmoja, mkono mwingine alibeba sufuria ya wali. Hata pale kwenye woga nikasema: hawa ni wakwe wazuri.

Sasa mnielewe. Mimi nimekimbia vita mara tatu. Nikiona watu wa kwetu wanakimbia, miguu yangu haingoji sababu. Na mimi nikatoka mbio! Na fimbo yangu mkononi, sikuiangalia hata kidogo.

Mbele yangu nikamkuta Mzee Yona, goti lake baya, amebaki nyuma peke yake. Roho yangu ikaniuma. Nikamwita:

"Mzee, kimbia! Ongeza mwendo! Niko nyuma yako!"

Mzee akageuka. Akaniona. Lile goti likapona palepale.

"Baba Divine! Nimekukosea nini? Ng'ombe tutaongeza!"

"Mzee, mambo ya ng'ombe tutaongea tukifika! Kimbia!"

"Tukifika wapi?"

Jirani yangu mzungu, aliyekuwa akimwagilia maua, akatupungia mkono. Alifikiri ni michezo.

Nyuma nikasikia Divine: "Dad! Stop! Dad!" Na nyuma ya Divine, Gentil, ameshuka kwenye gari na soda zimemwagika, analia kama mtu aliyefiwa:

"Mjomba! Usishike chuma! Usiweke vidole, itapata kutu! Mjomba, kutu!"

Kutu? Fimbo inapata kutu?

Hapo ndipo nikaangalia mkono wangu.

Ulikuwa upanga. Upanga mrefu, unang'aa, ukiuangalia tu unajisikia umekatwa. Nikauweka kwenye majani ya jirani polepole kama yai, nikakaa chini kando yake.

Gentil hakuniuliza kama niko mzima. Alitoa kitambaa, akaanza kuupangusa upanga wake. Kumbe ni upanga wa Kijapani, umefuliwa kwa mkono na fundi mmoja wa upande wa Tonawanda, Gentil aliuchukua jana alipokuja kutoka Columbus. Akauficha kabatini kwangu ili watoto wasiuone. Ule mti mweupe ni ala ya kuutunzia tu, na ule mstari niliopaka mafuta ndipo inapofunguka. (Nusu yake sasa imo ndani ya sombe.)

"Na unafanyia nini kitu kama hiki?" nikamwuliza.

"Nakata mikeka, mjomba. Unaikunja, unailoweka maji, unaikata. Ni mazoezi."

Mikeka! Nilimshusha mlimani nimembeba, risasi zinalia, ili afike Amerika akate mikeka.

Noella naye? Fimbo alisahau. Alikumbuka kuja na simu tu, na video iko kamili mwanzo mpaka mwisho. Tayari mnayo hapa kwenye grupu.

Mama Divine akafika, akasimama juu yangu. Divine nyuma yake analia, amevua viatu. Nikamwangalia mtoto, nikajua nimemharibia maisha. Mzee Yona akarudi polepole na watu wake, anahema, anashika goti. Gentil akamweleza yote. Mzee akasikiliza, uso haucheki. Nikangoja ile hapana.

Akasema: "Mimi nimekimbizwa na watu wengi duniani. Wewe ni wa kwanza kukaa nyuma yangu ukisema nikimbie nisiachwe." Akavuta pumzi. "Divine ni wetu. Acha kulia, mama. Lakini harusi itakuwa Louisville, na baba yako ataingia kanisani mikono iko mfukoni."

Divine akacheka huku analia. Wakwe wakarudi ndani, na sufuria ya wali ikarudi na wao.

Tafadhali msinicheke, hasa ninyi wa Columbus, nawajua. Mtoto amepata mume, na mimi nimepata wakwe wenye mbio.