Nyasi za Kivulini

Jumamosi, 4 Mei
Siku ya kumi na moja bila mke wangu. Yuko kwa dada yake. Alisema amechoka kukaa vumbini chini ya mti wetu wa mkungu, na miaka tisa namwahidi nyasi. Harudi mpaka ziote. Nikamjibu nyasi kitu gani bwana, wiki chache tu! Mdomo wangu huu! Atakuja kukagua Jumapili ya tarehe 26. Kitanda kimekuwa kipana kama uwanja.

Jumanne, 7 Mei
Nimekwenda kwa mama wa kitalu cha miche. Akasema nyasi hutambuliwa kwa jani: jani pana huvumilia kivuli, jani jembamba hulilia jua. Nikamwambia hayo nayajua tangu tumboni. Akauliza basi nimefuata nini. Nimerudi mikono mitupu, lakini heshima ninayo.

Nyasi nzuri anazo mwanyumba wangu, yaani mume wa huyo dada yake mke wangu. Zimesongamana chini ya mti wake. Nimwombe? Yeye anayeniita Bwana Vumbi mbele ya watoto? Thubutu! Nitazichukua.

Jumatano, 8 Mei
Nimeingia uani kwa mwanyumba saa saba mchana, wakila. Gunia kwapani, kisu mfukoni. Lahaula! Mke wangu hakuwa mezani. Alikuwa peke yake chini ya mti, juu ya nyasi zilezile, miguu kainyoosha, anazichezea kwa vidole. Kasuka nywele upya. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji nikamtazama mpaka goti likafa ganzi. Hatua ishirini tu, nami nimemkumbuka kama aliyevuka bahari.

Hakuondoka. Basi nikajaza gunia kwa nyasi za upande wa pili, kwenye jua. Nyasi ni nyasi. Mwenye ua si ni mmoja?

Jumamosi, 18 Mei
Zimepandwa, zimemwagiliwa, zimeimbiwa. Njano tupu! Mama wa kitalu kapita, kachuma jani moja, jembamba kama uzi. Akasema hizi zinalilia jua. Nikamwambia jua zitalipata.

Nimefikiri sana. Kosa si la nyasi. Kosa ni la mkungu.

Jumatatu, 20 Mei
Mkata miti kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Eti mti una umri mkubwa kuliko nyumba. Nikamwambia kaitwa kukata, hakuitwa kushauri. Umeanguka vizuri. Jua limeingia mpaka chumbani. Jirani kaja, kashika kichwa. Wivu tu!

Jumapili, 26 Mei
Kijani! Nimenyoa ndevu mara mbili.

Mke wangu kafika na mwanyumba, ambaye kambebea gunia lenye unyevu. Kumbe ni nyasi za kivulini! Aliziomba yeye mwenyewe; siku ile chini ya mti alikuwa anazichagua, atuletee nyumbani. Mwanyumba akasema hata mimi angenipa, ningefungua mdomo tu.

Mke wangu hakutazama chini. Alitazama juu. Akauliza mkungu uko wapi. Nikamwonyesha kisiki, nikamkaribisha akae. Akasema nyasi alizitaka ili tupate pa kukaa kivulini, yeye na mimi, kama tulipooana. Mkeka alikuwa nao kwapani. Hakuutandika. Akasema kivuli kikipatikana nimwite. Nilisimama mlangoni mpaka akapotea kwenye kona, na nikaendelea kusimama.

Jumatatu, 27 Mei
Nimeketi na gunia aliloliacha asubuhi nzima, nimelishikia mwavuli. Jani pana. Naam, ndizo. Zina harufu ya mikono yake, au najidanganya.

Sasa akili imekaa sawa. Kinachotakiwa ni kivuli, na kivuli ni mti. Miche ya mkungu mama wa kitalu anayo, lakini anasema nisubiri miaka sita. Miaka sita! Mwanyumba ana mkungu mchanga kando ya tangi, umenipita kimo. Nikiomba atanipa, najua. Lakini nikamwombe mtu aliyenibebea gunia mbele ya mke wangu?

Kesho saa saba, wakila. Jembe nimeshalinoa.