Ndege Isiyomwaga Dawa Ipite Kwingine

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, naisubiri ya kwako. Pole na kazi. Huku Newala sisi tupo, ila maua ya mikorosho hayapo, na nitakwambia sababu.

Mimi ni Cuthbert. Kibarua. Napulizia mikorosho ya watu kwa mashine ya mgongoni. Nakaa pembeni ya uwanja wa ndege, upande wa mashamba. Mke wangu Sabina ametangulia. Nimebaki na binti mmoja, Stella, yuko kidato cha nne. Mimi shule niliishia la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Mkitaka kunyoosha nyoosheni, ila maana msiiguse.

Nasema mapema, ndege nazipenda. Msije mkasema mzee ana wivu. Ndege ikilia nashusha mashine, naiangalia mpaka inaisha. Marehemu alikuwa ananicheka, anasema hata nikifa, ndege ikipita juu ya kaburi nitafufuka niichungulie. Kwa hiyo anayelalamika hapa ni mpenzi wa ndege, siyo adui.

Ninachoomba ni kimoja. Andikeni gazetini, kwa herufi kubwa, kwamba urubani si kazi. Stella anataka kuwa rubani. Mwakani anataka kwenda bweni, mbali huko, akasome fizikia, maana anasema ndiyo njia yake. Mimi nataka asomee ualimu hapa karibu, jioni awe nyumbani. Mimi nikisema hanisikii. Gazeti likisema, anakata anabandika ukutani. Basi semeni nyie. Sababu zangu ni hizi.

1. Picha yenu ya maonyesho ya ndege. Chini mmeandika, "Mwananchi akishangilia kwa furaha." Mwananchi huyo ni mimi. Sikushangilia. Nilikuwa naita.

Gari la matangazo lilipita mitaani mwezi wa saba. Likasema ndege inakuja, itashuka chini kabisa, itamwaga moshi mweupe. Mwezi wa saba, Mhariri. Mikorosho inatoa maua, ubwiri unga unanyemelea, huo ugonjwa unaokausha maua, na kila mtu anawaza dawa. Unamwambia mtu wa Newala ndege itamwaga moshi mwezi huo, unategemea aelewe nini? Tukajua tumerahisishiwa. Mzee Faruku, mwenye shamba ninalopulizia, akaniambia nipumzike, ndege itamaliza asubuhi moja. Mashine nikaiweka ndani.

Watu wakatandika khanga juu ya mikorosho ya pembeni kuonyesha mpaka, ili dawa isimfikie jirani waliyenuniana naye. Jirani yangu Mama Shamsia alitoa mpaka shuka la kitanda. Watu wa Kitangari waliacha ndoo kwenye foleni ya maji wakaja kuuliza kama na kwao itafika. Mimi nilitandika khanga ya marehemu, ile nyekundu, maana inaonekana mbali. Maneno yake siyataji. Alipoinunua alikuwa ananisema mimi.

Ndege ikaja, ikamwaga moshi. Tukanyoosha mikono, tukaita, huku, huku. Moshi ukaishia hewani. Hakuna jani lililopata hata chembe. Mussa, kibarua mwenzangu, akasema labda dawa ya kisasa ndiyo ilivyo, haionekani. Tukakaa tunasubiri ifanye kazi. Ubwiri haukusubiri.

Nyie mkaandika wananchi walitandika khanga kumkaribisha rubani. Khanga ya mke wangu haijawahi kumkaribisha mwanaume asiyekuwa mimi. Hilo mlisahihishe kabla ya yote.

2. Mmeandika "ndege ya kivita." Ile ina panga moja mbele na viti viwili. Hata mbuzi wa Mama Shamsia hawakuacha kula. Halafu ukurasa wa mbele mkamweka mgeni rasmi anakata utepe, suti nzima, tumbo lote. Ndege mkaweka mkia. Mkia tu, pembeni, kama wa mbwa anayetoka mlangoni. Mkataja waliokaa meza kuu mmoja mmoja, mpaka aliyegawa maji ya chupa. Kwamba ndege iligeuka chali angani na mtu yumo ndani, hamkuandika.

Iligeuka chali, Mhariri. Mimi mpenzi wa ndege miaka yote hii sijaona kitu kama kile, na gazeti linaniambia mgeni rasmi aliwasihi wananchi wadumishe usafi. Mwandishi wenu walimwona watu, ndege imegeuka huku na yeye amegeukia kwenye wali. Maoni yangu, mwandishi wa habari za ndege afungwe mkanda kiti cha nyuma, ageuzwe chali, na asishushwe mpaka aseme ameona nini.

3. Hodi. Shamba la Mzee Faruku lina mpaka huku na huku. Je, juu? Mkorosho unakua kwenda juu. Jua lake lipo juu, mvua yake inatoka juu. Basi na shamba linakwenda mpaka juu. Anayepita ardhini anapiga hodi. Hata mwizi wa korosho ana adabu, anainama. Rubani anapita na kelele zake kama kwake. Napendekeza ndege yoyote inayovuka anga ya Newala ibebe salfa, dawa ya mikorosho, ikija na ituletee maji ikirudi, maana shida ya maji huku mnaijua. Isiyobeba kitu ipite kwingine. Msumbiji ni hapo tu bondeni.

4. Hili nimelifuta. Stella alilikuta mezani akasema gazeti haliwezi kutoa maneno hayo.

5. Mtoto wangu alipandishwa ndege bila mimi kuulizwa. Baada ya moshi, rubani alitua uwanjani, akawaita wanafunzi akawauliza swali. Atakayejibu atazungushwa. Stella akajibu. Mimi niko shambani, kichwa juu, bado nangoja dawa. Ndege ikapita mara ya pili, taratibu, hata moshi haina. Nikaitukana. Niliitukana kwa Chimakonde, ambacho kinatosha. Kumbe mwanangu yumo.

Jioni kaja nyumbani, hana habari na ugali. Nikamuuliza ameona nini cha maana huko. Akasema, "Nimeitafuta nyumba yetu, baba. Sijaiona. Mabati yote yamefanana."

Nikamwambia basi ukome. Gazeti lenu lilipofika, ule mkia kaukata kaubandika juu ya kitanda chake.

6. Huyo rubani mwenyewe. Anaitwa Kapteni Dunstan. Kesho yake alikwenda shuleni kwa akina Stella kuwaambia kila mtoto anaweza kuruka, na nyie mkaipa hotuba hiyo ukurasa mzima wa vijana. Hamkusema alikwenda na bodaboda. Mimi nilimwona. Kamkumbatia dereva kiunoni, macho kafumba. Mtu anageuka chali angani halafu anaogopa mchanga wa Newala. Nilipomwambia Stella, akanijibu angani hakuna mchanga. Mnaona mlivyomharibu.

Na dereva wa basi la Tandahimba je? Anabeba watu, mbuzi na magunia, njia yenyewe mnaijua. Hana kofia yenye nakshi. Gazetini anatoka siku akipindua tu.

Kapteni kwao Nanganga. Nilikwenda Masasi kutafuta kipuri cha mashine, nikaunga gari mpaka Nanganga nikamuulizia mama yake. Anauza mihogo barabarani. Nilitaka anisaidie kuusema urubani vibaya, maana mama mtu akisema itakuwa na uzito. Akanipa kiti. Nikamuuliza, Mama Dunstan, siku ile mwanao alifika kukuona?

Akasema, "Alipita juu. Jioni akanipigia simu kuniambia kapita. Nikamwambia nimekusikia."

Halafu akatoa gazeti lenu kwenye mfuko wa plastiki. Kalikunja vizuri kama cheti cha ubatizo. Alilinunua amwone mwanawe. Humo kuna tumbo la mgeni rasmi na mkia. Akaniwekea kidole kwenye mkia, akaniambia yumo humo.

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko pote. Maneno niliyokwenda nayo sikuyasema. Nilinunua mihogo nikapanda gari. Sasa nawaambia nyie. Kama watoto wetu mnawaita huko juu, angalau sura zitoke. Yule mama kapata mkia. Mimi nitapata nini? Mke nimezika. Huyu akiondoka nabaki na mashine ya kupulizia, na Masasi kipuri sikukipata.

7. Kwa hiyo nadai hivi. Muandike urubani si kazi. Anayebisha, kwanza apulizie mikorosho misimu mitatu, salfa imuingie machoni na kooni, akibaki na hamu ndiyo apewe ndege. Maonyesho yajayo yafanyike chini, ndege imezimwa, watu waiguse, warudi shambani. Kwenye ukurasa wa vijana muwatoe walimu wanaorudi nyumbani jioni. Wapigwe picha wanafungua mlango. Picha hiyo iwe kubwa, yenye rangi, na iwe na nafasi pembeni ya kukatia, maana nina mtu wa kuibandikia.

Na kama hamuwezi yote hayo, basi uwanja wa ndege wa Newala upandwe mikorosho. Nitaipulizia mwenyewe.

Nakusalimu wewe na nyumba yako, na mpiga picha aliyenitoa mdomo wazi, na mwandishi wa wali. Mussa anawasalimu. Mama Shamsia anawasalimu, anauliza shuka lake lilitoka gazetini au halikutoka. Mzee Faruku hawasalimu.

Ni mimi, mpenzi wa ndege mwenye kinyongo,

Cuthbert, kibarua,
Newala, pembeni ya uwanja.

Nyongeza. Barua hii ilikaa ndani, sikupata wa kuipeleka posta. Stella ameisoma yote. Nilitegemea atanuna. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama yule mama wa Nanganga alisikia mlio upande gani. Nikajua tayari anapanga na yeye apite upande gani nimsikie.

Jana nilipanda juu ya nyumba. Khanga nyekundu ya marehemu nimeikaza kwenye bati kwa waya, pembe zote nne, upepo wa huku hautaing'oa. Mabati ya Newala yamefanana yote, hilo halijafanana. Stella alinishikia ngazi. Bweni anakwenda mwakani.

Mumfikishie Kapteni Dunstan habari hiyo ya khanga, amwambie na mama yake afunge yake. Na siku mkisikia ndege imepita Newala na rubani ni binti, mkamkuta mzee shambani kanyoosha mikono, mpigeni picha. Safari hiyo andikeni anashangilia.