Unga wa Mlonge Wavuka Mpaka (Nusura)

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimeamka mfanyabiashara wa kimataifa. Mke wangu Costancia na wenzake wa kikundi cha Zombo wamenikabidhi unga wa mlonge, wote wa msimu huu, niwatafutie soko. Nimelipata! Simoni, dereva wa lori anayelala hapa Mikumi, ana shemeji Lusaka mwenye duka la virutubisho. Gaudiosa, mwenyekiti wa kikundi, akauliza habari za vibali. Nikamwambia haya ni majani tu. Akaguna. Wivu.

Jumanne, 4 Machi
Lebo tayari. Zinasema unga unatibu kisukari, presha, mgongo na usahaulifu. Kijana wa stesheneri akauliza unaisha muda lini. Nikasema hauishi. Kaandika "Milele". Inapendeza.

Alhamisi, 6 Machi
Gaudiosa kanishtaki kwa Costancia. Nimelazimishwa kwenda Kilosa kumwona afisa wa vibali. Binti mdogo kabisa. Kwa kubabaika nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba!

Kasoma lebo taratibu. Akasema kinachotibu ni dawa, kisajiliwe kama dawa. Kama ni kirutubisho, nifute magonjwa yote, tunaposagia pakaguliwe, sampuli iende maabara, ndipo vifuate vyeti vya afya. Na kwanza kabisa mnunuzi aulize mamlaka za kwao wanataka nini, maana kila nchi ina masharti yake. Nikauliza kama hakuna njia fupi. Akavua miwani. Nikaaga.

Jumamosi, 8 Machi
Mzigo umeondoka na Simoni, chini ya magunia ya vitunguu. Costancia nimemwambia afisa ameridhika. Aliridhika kweli nilipotoka.

Jumatatu, 10 Machi
Simoni kapiga simu kutoka Tunduma. Maafisa wa mpakani wameukuta mzigo. Ili kuniokoa, akasema ni chakula cha kuku. Kumbe chakula cha kuku nacho kina vibali vyake! Kisha wakasoma lebo. Wakamuuliza ni kuku gani wana presha. Mzigo umezuiliwa.

Jumanne, 11 Machi
Wanawake wa Zombo wamefika, wengine kwa miguu. Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Dada Upendo, mjane, vidole bado vya kijani kwa kuchuma, akauliza tu, "Kaka Kasian, unga wetu uko wapi?"
Nikasema uko safarini. Costancia akaingia ndani, akafunga mlango. Chakula cha jioni sikukiona, wala sikukiulizia.

Jumamosi, 15 Machi
Gaudiosa kaenda Tunduma mwenyewe. Kaomba, kaeleza, karuhusiwa kuurudisha mzigo nyumbani. Sampuli inakwenda maabara. Mnunuzi wa Lusaka ameshaanza kuulizia masharti ya kwao. Anampigia Gaudiosa, si mimi. Wanawake wamempokea kwa vigelegele. Mimi nimepewa beseni la maji moto nibandue lebo. "Milele" inashika kweli.

Jumatano, 19 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja: mlonge. Bundala, mfugaji jirani yetu, ana samli nyingi, safi, inanukia mpaka barabarani. Nimemwambia kuna watu Malawi wanaililia. Akauliza kama tusiende kwanza kwa yule afisa wa Kilosa.
Nimemshauri tusiende. Tutamshtua bure.