Pikapu ya Kuvuta Boti hadi Kitangiri

Jumatatu, 3 Juni

Hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi. Boti niliyomwahidi mkwe wangu Michael, avulie samaki ziwa Kitangiri, bado iko juu ya tela uani kwangu hapa Ulemo. Kuku wameanza kutaga ndani. Leo jirani yangu Alphonce kasimamisha pikapu yake ya dizeli makusudi, kasema ataivuta bure. Bure! Mbele ya mke wangu! Nikamjibu kwamba nanunua pikapu yangu mwenyewe. Sikuwa na mpango huo. Sasa ninao.

Jumanne, 4 Juni

Singida mjini, na mke wangu Editha. Muuzaji, Stanley, katuonyesha pikapu mbili za dizeli. Moja kuukuu, imebonyea ubavuni, lakini inavuta kwa magurudumu yote manne, na nyuma ina chuma cha kufungia tela. Nyingine nyekundu, inang'aa, milango minne. Stanley mwenyewe kasema kwa milima na mzigo nichukue kuukuu. Editha naye hivyo hivyo. Nikawauliza: ya Alphonce ina milango mingapi? Miwili. Basi! Shamba la alizeti limekwenda na hiyo nyekundu.

Alhamisi, 6 Juni

Nyekundu haina pa kufungia tela! Nimempigia Stanley nikafoka. Kasema aliniambia. Uongo! Au sikusikiliza, ni mamoja. Nimefunga kwa kamba ya katani, mafundo yangu mwenyewe. Alphonce kachungulia uani, kasema kamba inavuta lakini haizuii. Nikamwambia akachungulie kwake.

Ijumaa, 7 Juni

Mteremko wa Sekenke! Nilikanyaga breki. Pikapu ikapunguza mwendo. Boti haikupunguza. Ilitugonga kwa nyuma, ikavunja kioo, pua yake ikaingia ndani hadi karibu na sikio la Editha. Akapiga yowe kwa Kinyiramba, maneno ambayo sijayasikia hata kwa mama yake. Tukaishia mtaroni, wazima. Nikajaribu kutoka kwa nguvu hadi klachi ikaungua. Moshi! Wachimbaji wa dhahabu wakaacha mashimo yao kuja kutazama. Mmoja akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," kisha akauliza kama ziwa limehamia huku.

Editha akampigia simu Alphonce. Kaja. Kaifunga tela kwake, kaifikisha boti kwa Michael jua halijazama, kisha karudi kunitoa mtaroni. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo limeniuma! Na huko ziwani, nasikia, Michael alimwita baba.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada Editha kaniamuru: "Baba Eliana, mpelekee Alphonce jogoo wa shukrani." Nimekwenda. Alphonce kanikaribisha chai, kasema kwa upole kwamba gari langu ni zuri, kwa lami. Kwa lami! Nikarudi na jogoo wangu.

Jioni nimebadilishana magari na Gerald, muuza mchanga wa hapa kijijini: yeye kachukua nyekundu na klachi yake iliyoungua, mimi nimechukua lori lake la mchanga. Kakiri kwamba breki zake hushika zikipenda. Editha kanikumbusha kwamba hakuna tena boti ya kuvuta. Sijali. Lina taa tano mbele. Pikapu ya Alphonce ina mbili tu!