Picha Thelathini na Nne za Kiongozi

Jumatatu, 4 Februari 1935
Serikali imetangaza: kila Mlatvia apeleke zawadi katika shule aliyoanzia kusoma. Vitabu, picha, chochote cha kuamsha uzalendo. Mwalimu mkuu wetu anastaafu, na mkaguzi anakuja tarehe 21 kuchagua mrithi. Ni mimi au Bi Mirdza Krauze. Bi Mirdza anaomba vitabu. Vitabu! Mimi nimewaandikia wanafunzi wa zamani thelathini na wanne, kila mmoja kwa siri: leta picha ya Kiongozi wa nchi, yako itakuwa ya pekee, itatundikwa mbele. Ukuu wa shule nauona huu hapa, pamoja na ile nyumba yake ya vyumba vitatu.

Ijumaa, 15 Februari
Picha kumi na moja. Zote ni ileile! Bi Mirdza amepokea makasha mawili ya vitabu. Namhurumia.

Jumatatu, 18 Februari
Thelathini na nne. Hakuna hata mmoja aliyeniangusha, balaa gani hili! Kuzirudisha siwezi. Kuziweka stoo siwezi: nani athubutu kumfungia Kiongozi na mafagio? Bi Lizete, mwasha majiko, kauliza huyu bwana wamezaliwa mapacha wangapi. Nikamwomba afunge mdomo kabla hatujafungwa sote. Kumi ukumbini, ishirini na nne darasani kwangu. Nafasi imekwisha, tatu nimezitundika mbele ya ramani.
Mchana kaja Sproģis, muuza nyama, kuhakikisha yake iko mbele. Nikamwonyesha ya katikati. Baadaye kaja mjane mwenye kinu cha kusaga unga, naye kaulizia yake. Nikamwonyesha hiyo hiyo. Akalia kwa furaha.

Alhamisi, 21 Februari
Mkaguzi kaingia darasani. Kavua kofia, kaivaa, kaivua tena. Akamwambia Ausma, binti wa dawati la mbele, aonyeshe mto Daugava kwenye ramani. Ausma akasema ramani iko nyuma ya Kiongozi.
Mkaguzi akaniambia nimshushe. Nikasema hasha, bwana mkaguzi, wewe ndiye mwenye cheo. Akasema, “Aa, mwalimu, darasa ni lako!” Tukasukumiana hivyo hadi kengele ikalia. Daugava haujaonekana.
Chumba cha pili watoto wa Bi Mirdza walikuwa wakisoma kwa sauti, kila mmoja na kitabu chake. Mkaguzi akakaa huko, akaletewa njegere na nyama ya nguruwe, akaomba tena.

Ijumaa, 22 Februari
Bi Mirdza ndiye mkuu. Inauma, sifichi. Mkaguzi kasema bidii yangu haina mfano, basi kila asubuhi nizipanguse vumbi picha zote. Bi Mirdza kaniletea kitambaa mwenyewe. “Pole, Teodors. Anza na mapacha wa mbele.”
Nimepangusa huku nikifikiri. Barua hazikuwa na kosa. Kosa ni la kuta! Sanamu ya plasta haihitaji ukuta, inasimama popote. Mkaguzi atarudi Mei.
Barua thelathini na nne zimeshakwenda posta, kila moja kwa siri.